Sura ya Mtoto Katika Picha

Katika kazi zote za mchoraji hakuna iliyo na mahakimu wengi kama picha ya mtoto. Mtu aweza kuchora mlima wa nchi ya mbali, na watazamaji wakanyamaza kwa kuwa hawakupata kuuona mlima ule; aweza kuchora vita vya zamani, wala hakuna aliye hai wa kumkosoa. Lakini akichora mtoto, kila mama aliyelea, na kila baba aliyebeba mwana begani, ajua mara moja kama yule aliyemo katika picha ni mtoto kweli, ama ni mtu mzima aliyefupishwa. Ndiyo sababu tumeona yafaa kuandika juu ya jambo hili, ijapokuwa wengi katika wasomaji wetu hawajapata kushika brashi. Maana macho ya kuhukumu wanayo.

Swali letu ni hili: Ni kitu gani kiifanyacho picha ya mtoto iwe na utoto ndani yake? Ziko picha ambazo ukizitazama waona kana kwamba zimefanywa sasa hivi, rangi haijakauka bado, na mtoto yu karibu kugeuka aende zake. Sifa hiyo sisi tutaiita ubichi. Wengine hudhani ubichi huo ni bahati tu, na wengine hudhani watokana na haraka. Sisi twasema si bahati wala si haraka. Ni matunda ya kumjua mtoto kwa siku nyingi na kumchora kwa muda mfupi. Tena ni matunda ya kujua mahali pa kuacha. Nasi tutaonyesha neno hili kwa picha chache za wachoraji wa Ulaya na Marekani, ambazo nakala zake zimechapwa katika vitabu vingi, hata mtu asiyeweza kusafiri aweza kuzitazama.

Wazee wetu husema, "Samaki mkunje angali mbichi." Ni mithali ya walezi, na sisi walimu twaitumia sana, maana kazi yetu ni kumtazama mtoto jinsi atakavyokuwa. Lakini mchoraji si mlezi. Yeye kazi yake ni kumtazama mtoto jinsi alivyo leo, asubuhi hii, kabla hajawa mwingine. Akimkunja, ampoteza. Nasi twaona ya kuwa picha nyingi za watoto zilizoharibika, ziliharibika kwa sababu hiyo: mchoraji, ama yule aliyemlipa, alitaka kuona mtu atakayekuja, akampita mtoto aliyekuwapo.

Tuanze na picha ambayo mtoto amekunjwa. Hans Holbein alikuwa Mjerumani aliyekwenda kufanya kazi Uingereza katika jumba la Mfalme Henry wa Nane, naye alikuwa fundi mwenye mkono usiotetemeka. Mwezi wa Oktoba mwaka 1537 mfalme alizaliwa mwana, Edward, aliyekuwa amemngojea miaka mingi. Siku ya Mwaka Mpya wa 1539 Holbein alimpa mfalme picha ya mwanawe iwe zawadi, na mfalme akamrudishia chombo cha kunywea kilichopakwa dhahabu, chenye kifuniko chake. Picha ile leo imo katika nyumba ya taifa ya picha mjini Washington. Mtoto yule umri wake ulikuwa mwaka mmoja na miezi michache tu; lakini mtazame! Amevaa nguo nyekundu zenye nakshi ya dhahabu, na kofia yenye unyoya. Mkono mmoja ameuinua kama mtu asalimuye umati wa watu, na kwa mkono wa pili ameshika kichezeo cha dhahabu, kile cha kutikiswa kikalia, jinsi mfalme ashikavyo fimbo ya enzi. Chini yake yameandikwa mashairi ya Kilatini yanayomhimiza mtoto amwige baba yake.

Hatusemi ya kuwa Holbein hakuwa na macho. Mashavu yale ni ya mtoto, na nywele chache zilizolala juu ya paji la uso ni za mtoto. Lakini mwili wote umekwisha kupewa cheo. Holbein alijua baba yule ataka kuona nini, naye akamwonyesha. Bali tukumbuke yaliyofuata. Edward alitawazwa mwaka 1547 akiwa na miaka tisa, akafa mwaka 1553 akiwa na miaka kumi na mitano. Utu uzima ule aliopewa na picha angali mchanga, yeye mwenyewe hakuufikia. Na utoto aliokuwa nao kweli, yaani kulia kwake, kucheka kwake, na jinsi alivyokitikisa kile kichezeo wakati ambapo hapakuwa na mtu wa kumtazama, huo picha haikutuwekea. Twaona basi ya kuwa jambo hili si dogo. Mtoto aliyekosewa na mchoraji hawezi kurudi mwakani akakaa tena kitini, maana mwakani atakuwa mwingine.

Wala tusidhani kosa hili ni la majumba ya wafalme tu. Hata mchoraji asiye na bwana huangukia papo hapo, kwa kuwa kazi yenyewe humsukuma. Mtu mzima ukimwambia, "Kaa hivi," atakaa saa nzima. Mtoto atakaa muda wa kuhesabu ishirini, kisha ataona nzi. Mchoraji amepata jicho moja na nusu ya pua. Yaliyobaki humbidi ayatie kwa kukumbuka. Na mkono uliozoea kuchora watu wazima hukumbuka nini? Hukumbuka uso wa mtu mzima. Macho ya mtu mzima yako katikati ya kichwa chake, nusu juu na nusu chini. Macho ya mtoto mdogo yako chini ya katikati, na paji lake la uso ni kubwa. Kichwa cha mtoto mchanga ni kama robo ya urefu wake wote, na kichwa cha mtu mzima ni kama sehemu moja ya saba au ya nane. Mchoraji akisahau hayo, hata akitia mashavu manene namna gani, atapata mzee mfupi.

Tena uso wa mtoto hauna mistari. Uso wa mzee humsaidia mchoraji: pana kunjo hapa, pana mfupa pale, naye hushika kimoja kimoja kama mtu apandaye ngazi. Katika uso wa mtoto hapana ngazi. Kivuli kimoja huingia katika kingine pasipo mpaka, na mchoraji mwenye hofu, akitaka kushika kitu, hutia mstari. Akitia mmoja kando ya pua, ameongeza miaka mitano. Akitia mwingine chini ya jicho, ameongeza kumi. Na rangi za mafuta nazo zina tabia yao. Zikiwa bado maji huchanganyika vizuri, na rangi mpya hulala juu ya ya kwanza ikang'aa. Lakini mchoraji akirudia mahali pale pale mara nyingi kwa brashi isiyo safi, rangi zote hugeuka kuwa kama tope. Ndiyo maana picha iliyosumbuliwa sana hufa, hata kama kila kosa moja moja limesahihishwa.

Sasa na tuje kwa picha ambayo kwa maoni yetu ndiyo bora katika jambo hili. Thomas Gainsborough alizaliwa mwaka 1727 katika mji mdogo wa Sudbury, upande wa mashariki wa Uingereza. Alioa mwaka 1746, na mtoto wao wa kwanza wa kike alifariki angali mchanga. Kisha wakapata binti wawili walioishi: Mary, aliyebatizwa mwaka 1750, na Margaret, aliyebatizwa mwaka 1751. Walipokuwa wakikaa Ipswich, mwaka 1756 hivi, baba yao aliwachora wote wawili wakimfukuza kipepeo. Picha hiyo imo katika nyumba ya taifa ya picha mjini London tangu mwaka 1900, ilipoachwa huko kwa wasia na mwenyewe, Henry Vaughan. Si kubwa sana. Urefu wake na upana wake wapita mita moja kwa kidogo tu.

Watoto wawili wameshikana mikono. Nyuma yao pana giza la miti, nao wametoka katika giza lile wamemulikwa. Kipepeo mweupe ametua juu ya mmea wa miiba. Margaret, aliye mdogo, ameunyosha mkono wake apate kumshika, wala hakuna kitu kingine ulimwenguni anachokijua wakati ule. Mary, aliye mkubwa, amekwenda pamoja naye, lakini hakuunyosha mkono. Amemwona kipepeo, na yamkini ameiona miiba pia. Tofauti yao ya umri ni mwaka mmoja na nusu tu, na baba yao ameona ya kuwa mwaka huo mmoja na nusu ni safari ndefu: mmoja bado anataka tu, na mwingine ameanza kufikiri kwanza. Mtu asiyewajua watoto wale asingeweza kulibuni neno hilo. Angechora wasichana wawili wazuri, mmoja mrefu na mmoja mfupi.

Sasa tazama jinsi ilivyofanywa. Nyuso zimechorwa kwa uangalifu, lakini nguo hazikumalizwa. Mahali pengine waona mapigo ya brashi yamepita mbio na kuachwa vivyo hivyo, na kitambaa cha gauni ni rangi nyembamba iliyovutwa mara moja. Gainsborough hakuimaliza picha hii. Wala si hii peke yake; miaka michache baadaye aliwachora tena binti zake pamoja na paka, na paka yule hata leo ni mistari tu, huonekana kama kivuli. Watu waweza kuuliza, Je, tusifu kazi iliyoachwa njiani? Fundi akituletea mlango usio na bawaba, tutamlipa?

Ni swali la haki, nasi hatutaki kulikimbia. Mlango ni wa kufungwa na kufunguliwa. Usipofungika si mlango. Picha ni ya kutuonyesha, nayo ikiisha kutuonyesha imekwisha kazi yake. Twaamini kwamba Gainsborough alipofika mahali pale aliona watoto wake wamekwisha kuingia katika kitambaa, na ya kuwa kila pigo la brashi kutoka hapo lingewatuliza, na hao hawakuwa watoto waliotulia. Kama angaliendelea kuzipiga pasi zile nguo, kutia kila kunjo na kila uzi, jicho letu lingalikaa kwenye nguo. Sasa jicho halina pa kukaa ila nyuso mbili na mkono mmoja, na kwa hiyo hukimbia pamoja na watoto.

Wala mtu asidhani ya kuwa mkono ule ulikuwa na haraka tu. Haraka haraka haina baraka, na hilo ni kweli katika uchoraji kama katika upishi. Gainsborough alikuwa amefanya kazi hii tangu ujana wake, na ustadi wake ulikuwa wa namna ya pekee. Sir Joshua Reynolds, aliyekuwa mkuu wa Chuo cha Kifalme cha Sanaa na mshindani wake, aliwahutubia wanafunzi mwezi wa Desemba mwaka 1788, baada ya Gainsborough kufa mwaka ule ule, akawaambia ya kuwa picha za mtu huyu ukizisogelea waona mikwaruzo na alama za ajabu zisizo na maana, lakini ukirudi nyuma kidogo zote hushika mahali pake na kuwa umbo. Sifa hiyo yatoka kwa mtu asiyechora vile, basi yafaa kuaminiwa. Mikwaruzo ya mtu asiyejua hubaki mikwaruzo, hata ukirudi nyuma mpaka mlangoni.

Yuko mwingine ambaye picha yake yaonyesha neno lile lile kwa njia ya pili. Peter Paul Rubens wa Antwerp alikuwa mchoraji mkubwa wa wakati wake, mwenye karakana iliyojaa wasaidizi na kazi za wafalme. Binti yake wa kwanza, Clara Serena, alizaliwa mwaka 1611. Alipokuwa na miaka mitano hivi, baba yake alimchora katika picha ndogo ambayo urefu wake ni sentimeta 37 tu, na upana wake sentimeta 27. Leo imo katika hazina ya picha za ukoo wa Liechtenstein. Uso wa mtoto umeijaza picha karibu yote. Atutazama moja kwa moja, si kwa haya wala si kwa ujeuri, bali jinsi mtoto amtazamavyo baba yake anayefanya jambo la kuchekesha kidogo. Mashavu ni mekundu, na juu ya pua pana tone la mwanga. Uso umefanyizwa kwa makini sana, lakini shingo ikiisha tu, nguo ni mapigo machache ya haraka, kana kwamba Rubens alisema, "Hili halinihusu leo."

Kwa hiyo twajifunza ya kuwa ubichi si kuchora kila kitu mbio mbio. Ni kuchagua. Rubens alijua kuchora hariri na lulu kuliko watu wengi waliopata kuishi. Aliziacha kwa sababu alikuwa na kazi nyingine. Mtu aliye na vitu viwili tu mfukoni hawezi kusifiwa kwa kutotumia kumi. Lakini aliye na kumi, akatumia viwili, na vikatosha, huyo ndiye fundi.

Tumesema juu ya kosa la kumkunja mtoto. Liko kosa la pili, na watu wengi hawalioni kwa sababu ni tamu. Ni kumpaka mtoto sukari. Mwaka 1886 John Everett Millais, Mwingereza mwenye sifa kubwa, alimchora mjukuu wake William James, mtoto mdogo mwenye nywele za mviringo, aliyevaa nguo za mahameli, ameketi akipuliza mapovu ya sabuni kwa kiko. Povu moja limepaa, naye ameinua macho kulitazama. Picha ile ikaishia katika mikono ya wauza sabuni wa Pears, nao wakatia kipande cha sabuni yao katika nakala, wakazitangaza kila mahali. Ikajulikana kwa jina la Mapovu. Mtoto yule akakua, akawa amiri katika jeshi la majini la Uingereza, akafa mwaka 1973 akiwa mzee wa miaka zaidi ya tisini. Na muda wote huo jina la Mapovu halikumtoka.

Ifananishe picha hii na ile ya Gainsborough, maana zafanana kuliko unavyodhani. Katika zote mbili pana mtoto na kitu chepesi kirukacho, ambacho kitatoweka sasa hivi. Katika zote mbili mchoraji asema, Utoto wapita upesi. Lakini Margaret amtaka kipepeo. Ameinama, ameunyosha mkono, na sisi watazamaji hatujui. Mtoto wa Millais halitaki povu. Yeye amewekwa atazame juu, ili sisi tumtazame yeye akitazama, na tuseme, Maskini, ni mzuri namna gani! Millais alikuwa fundi. Povu lile limechorwa kwa ustadi wa kustaajabisha. Ila ubichi haumo, maana mtoto hafanyi jambo lake mwenyewe, afanya jambo letu. Wala hatushangai ya kuwa picha ilifaa kuuzia sabuni. Ya Gainsborough isingefaa.

Basi Holbein alimpa mtoto cheo, na Millais alimpa mtoto utamu. Ni makosa mawili yenye mzizi mmoja: mtu mzima amesimama kati ya mtoto na kitambaa. Ili tuone jinsi ilivyo vigumu kwa watu wazima kuondoka hapo, tutazame picha moja zaidi. Mary Cassatt alikuwa Mmarekani, aliyezaliwa katika jimbo la Pennsylvania mwaka 1844, akaenda kukaa Paris kwa kazi ya uchoraji. Mwaka 1878 alichora msichana mdogo katika kiti cha buluu. Baba na mama wa mtoto walikuwa rafiki za mchoraji Edgar Degas, na Degas mwenyewe alimsaidia Cassatt katika sehemu ya nyuma ya picha.

Msichana yule amevaa nguo nzuri nyeupe, na mshipi mpana wa kitambaa cha mirabaraba. Nywele zimefungwa utepe. Ni dhahiri ya kuwa mtu mzima amemvika kwa uangalifu. Lakini yeye amejitupa kitini kama mtu aliyechoka na ulimwengu wote. Mkono mmoja u nyuma ya kichwa, miguu imetengana, na uso wasema ya kuwa shughuli hii, iwayo yote, imekuwa ndefu mno. Katika kiti kingine mbwa mdogo amelala, naye ndiye peke yake aliyeridhika. Hakuna anayetabasamu. Hata hivyo mzazi ye yote akiitazama hucheka, maana amjua mtoto yule. Ni wake mwenyewe, siku ile ya sikukuu alipovikwa mapema mno na wageni wakachelewa.

Mwaka ule ule palikuwa na Maonyesho Makubwa mjini Paris, na Cassatt aliipeleka picha hii iwekwe katika sehemu ya Wamarekani. Ilikataliwa. Jambo hilo lilimkasirisha sana, na baada ya miaka ishirini na zaidi alikuwa bado akilitaja. Leo picha imo katika nyumba ile ile ya Washington iliyo na Edward wa Holbein, na mtu aweza kuziona zote mbili kwa siku moja: mtoto aketiye jinsi watu walivyotaka, na mtoto aketiye jinsi alivyotaka mwenyewe. Aliyekataliwa ndiye aliye hai zaidi.

Wasomaji wetu walio walimu wenzetu, na vijana wanaopenda kuchora, huenda wakauliza, Sisi tufanyeje? Twaweza kusema machache yaliyo ndani ya picha hizo hizo. Kwanza, usimkalishe mtoto akakakamaa. Mpe jambo la kufanya, kisha mtazame muda mrefu kabla ya kuigusa karatasi. Mtoto hugeuka, lakini hurudi tena na tena katika mikao yake mitatu au minne. Ukiijua hiyo, waweza kungoja. Pili, keti chini. Mtu mzima akichora amesimama humwona mtoto kwa juu, na picha huwa na kichwa kingi na uso mdogo. Bali ukiketi macho yenu huwa sawa. Tatu, pima kwanza: paji la uso, mahali pa macho, umbali mdogo wa pua na mdomo. Vipimo vikiwa sawa, hata makaa ya jikoni yatatoa mtoto. Vikikosewa, hakuna rangi itakayomwokoa. Nne, changanya rangi zako mapema zikae tayari, maana mtoto hatakungojea utafute nyekundu. Tano, na hili ndilo gumu, jifunze kuacha. Mwanafunzi huona aibu kuonyesha kazi iliyo na nafasi tupu, hujaza kila pembe, akadhani amefanya bidii. Yampasa arudi nyuma hatua tatu na kuuliza, Je, mtoto amekwisha kuja? Ikiwa amekuja, aweke brashi chini.

Nasi tusiochora tunayo kazi yetu. Siku hizi picha za watoto ni nyingi kuliko wakati wo wote, maana zapigwa kwa mashine, na kila nyumba inazo. Lakini mashine haikuondoa yale makosa mawili. Bado mtoto huambiwa, Simama wima, usicheke, na huyo ni Edward. Ama huambiwa, Tabasamu, geuza kichwa hivi, na huyo ni Mapovu. Mzazi akizitazama picha hizo baada ya miaka, huona nguo alizomnunulia mwanawe na amri alizompa. Mwana mwenyewe humtafuta asimwone.

Clara Serena wa Rubens alikufa mwaka 1623, akiwa na miaka kumi na miwili. Baba yake aliishi miaka kumi na saba baada yake. Katika nyumba ile yenye picha kubwa za wafalme, ile ndogo ya sentimeta 37 ilikuwa na jambo ambalo wafalme hawakuweza kulinunua. Binti za Gainsborough waliishi wakazeeka, lakini maisha yao hayakuwa mepesi. Mary aliolewa mwaka 1780 na mpiga muziki, Johann Christian Fischer, wakaachana baada ya muda mfupi. Tena akili zake zikamsumbua, na Margaret, ambaye hakuolewa, ndiye aliyemtunza dada yake. Margaret alifariki mwaka 1820, na Mary mwaka 1826. Yule mdogo, aliyeunyosha mkono pasipo kuiona miiba, ndiye aliyekuwa mlinzi wa yule mkubwa aliyeiona.

Baba yao alipowachora hakuyajua hayo, na ni heri kwamba hakujaribu kuyabashiri. Kama angaliwachora jinsi alivyotumaini watakavyokuwa, tungalikuwa na picha ya tumaini lake, nalo halikutimia. Aliwachora jinsi walivyokuwa siku moja huko Ipswich, akaacha. Kwa hiyo mpaka leo Mary amemshika mdogo wake mkono, na kipepeo yuko juu ya miiba, na vidole vya Margaret havijamfikia.